Samaki Walioelea

Baba Saumu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, basi nianze na yetu. Saumu amepona kikohozi. Mbuzi amezaa. Mimi nipo tu. Kuandika nimefundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kile ulichokuwa ukinitania, "Utamwandikia nani wewe?" Haya, nimempata.

Siku ile ulipotoka shamba la kijiji ukakuta samaki wameelea mtoni, hukushtuka. Nani angeshtuka? Tangu utoto wetu watu hutwanga majani ya utupa, wakayatia majini, samaki wakalewa, tukaokota, tukala, tusidhurike. Ukasema kuna watu wametwanga utupa huko juu. Ukachoma wachache palepale kwa njaa, wengine ukaniletea. Nilikuwa nawaparua magamba ulipoanza kutetemeka mlangoni.

"Mama Saumu, mwaga."

Nikamwaga. Hukufika hospitali ya Lushoto.

Haukuwa utupa. Bwana shamba alituambia baadaye kwamba bomba la kupulizia dawa ya wadudu wa kahawa lilioshwa mtoni. Vijana walioliosha walikuja msibani, wakachimba kaburi lako. Najaribu kuwakasirikia, hasira haiji. Machozi pia hayaji, na majirani wameanza kunisema.

Sasa mvua imenyesha. Bwana shamba anasema maji yamesafika, watu wavue. Wanavua. Jana mama yako alimletea Saumu samaki wa kukaanga. Nilimwamkia, nikapokea kwa mikono miwili, kisha nikamuuliza, "Mama, hawa walishikwa wakiwa hai?" Hakujua. Alipewa na jirani, na jirani naye alipewa.

Saumu alikuwa ameshanawa mikono. Nikabeba sahani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kuchimba. Mtoto analia, mama yako amesimama ananitazama, nami sikuona aibu wala huruma. Nilichimba tu. Mara akaninyang'anya jembe. Nilidhani atanipiga. Akachimba yeye, shimo likawa refu zaidi ili hata paka wasifukue, na tulipomaliza akamnawisha Saumu mikono upya.

Nakuahidi hivi: binti yako atakula samaki siku nitakapomshika mimi mwenyewe, anapigapiga mkia. Mpaka hapo ni maharage. Atanuna. Na anune, alimradi yupo.

Mungu akulaze pema, mume wangu.

Ni mimi,
Mama Saumu