Leni ya Kushoto

Kwako Mama Ndanu,

Kama barua hii imekukuta umesimama na jembe mkononi, liweke chini kwanza ukae, maana najua wewe hukai bila kulazimishwa. Habari za huko Kalamba? Mwaitu, mama yetu mzee, anaendeleaje na ule mguu? Ndengu zimeshika maua, ama jua limezichapa kama msimu uliopita? Na lile bwawa letu, silanga tuliyochimba, ilibakisha maji au yote yaliishia mchangani? Mimi niko hai, ninakula, na joto la huku Uarabuni nimelizoea kama mtu anavyozoea mke mwenye maneno mengi. Usinune, ninakutania. Natamani hayo maneno mengi kuliko unavyojua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu iko. Kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiuliza, "Uko aje?" ninajibu "Niko sawa" kabla hujamaliza, nawe unaniambia nyinyi pia mko sawa, halafu mtandao unakatika na sisi wote tuko sawa. Mara ya mwisho nilikwambia kwamba msimamizi wetu anataka nitie sahihi mkataba mwingine, na kwamba anangoja jibu. Nikakuuliza unaonaje. Ukasema, "Si wewe ndio unajua, Baba Ndanu." Neno hilo limenikaa kifuani tangu siku ile. Sikujua kama ulikuwa unanifungulia mlango wa kurudi, au ulikuwa unaniambia kwa upole kwamba umezoea kuishi bila mimi. Jibu langu nitakupa humu humu, lakini vumilia kwanza nikueleze jambo la barabarani, kwa sababu limetoka huko.

Unajua ninaendesha basi dogo la wafanyakazi wa usafi. Asubuhi ninawachukua wanawake kambini kwao, ninawapeleka kwenye majengo ya ofisi, jioni ninawarudisha. Kampuni imekataza abiria kuongea na dereva, na kati yangu na wao kuna kioo. Wanavaa barakoa na vitambaa vya kichwa vya rangi moja, kwa hivyo hata sura zao sizijui. Chumbani tunalala wanaume wanne, kila mtu na lugha yake, na kila mtu akitoka kazini anageukia ukuta na simu yake. Si watu wabaya, mmoja hunitengea chai. Lakini kuna wiki zimepita kabla sijasema sentensi nzima kwa mtu anayenisikia. Kikamba changu ninaongea na usukani.

Sasa, huku magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hivyo leni ya kupitia wengine, ile ya wenye haraka, iko kushoto kabisa, karibu na ukuta wa katikati. Hayo nilifundishwa, nikafanya mtihani, nikapita. Lakini mkono una mazoea yake. Kwetu asiye na haraka hukaa kushoto, na basi langu limefungwa kifaa cha kupunguza mwendo lisiweze kukimbia, basi nikajipeleka kushoto kwa adabu zangu zote ili nisisumbue mtu.

Wakaanza kunimulika. Gari linatokea mbali nyuma, linakuja mbio, taa kubwa, pa, pa, pa! Mimi nikafikiri ni salamu. Unakumbuka nilipokuwa na lile lori la maembe la kwenda Emali, jinsi madereva wenzangu walivyonimulika na mimi nikiinua mkono? Nikasema moyoni, kumbe watu wa huku wana utu, wanasalimia hata mgeni. Nikawa ninainua mkono. Wakazidi kumulika. Nikawawashia indiketa ya kushoto, kama tunavyofanya tukiwa na mzigo mlimani. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza maana yake ukiwa umekaa kando yangu: indiketa ya kushoto, pita ndugu, mbele kuko wazi, ya kulia, ngoja, kuna gari linakuja. Mtu akishapita anakupigia honi mara mbili, asante, na kila mmoja anaendelea na safari yake. Huku nilingoja hiyo honi ya asante sikuisikia. Kushoto kwangu kulikuwa na ukuta wa saruji tu, na mtu aliye nyuma alikuwa anaona ninamwambia, "Mimi siondoki hapa, na nikiondoka nitaingia kwa ukuta."

Ni msimamizi, mzee mmoja Mpakistani, aliyenieleza, akicheka huku ameshika tumbo. "Hawakusalimii, Kioko. Wanakutukana kwa taa. Wanasema toka njiani." Nilicheka naye. Lakini niliporudi chumbani niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimezitegemea zile salamu. Kuna asubuhi nilizoamka nikiwa mzito, nikajiambia, twende tu, huko barabarani watakusalimia.

Nikahamia leni ya kulia. Huko ni amani. Lori mbele, lori nyuma, na hakuna anayejua kama uko. Nisikufiche kitu, Mama Ndanu: baada ya muda nikaanza kurudi kushoto. Sasa sikuwa nimesahau, nilijua ninachofanya. Nilikuwa ninakaa mle nikienda pole pole mpaka mtu aje animulike, halafu ndipo natoka. Ulikuwa ujinga mtupu, na nilikuwa nimebeba watoto wa watu. Lakini mtu akikumulika angalau ameona kwamba uko hapo.

Juzi, tukirudi kutoka ofisini na jua bado kali, nilikuwa katika leni hiyo hiyo. Gari kubwa jeupe likaja nyuma, likamulika. Nikasema nitoke, na wakati huo kulia kwangu kulikuwa na msururu wa malori yamefuatana, hakuna hata nafasi ya kuingiza pua. Nikashikwa na hofu, mkono ukarudi kwa mazoea yake, nikawasha indiketa ya kushoto. Yule mtu akaona ninamfanyia dharau. Malori yalipoachana akajipenyeza kulia, akanipita, akaniingilia mbele na kukanyaga breki. Na mimi nikakanyaga yangu kwa nguvu zote. Nilisikia wanawake wakirushwa juu ya viti na kupiga kelele. Hatukugongana, Mungu ni mwema. Akanionyesha kwa mkono nitoke kando, tukasimama wote wawili pembeni mwa barabara. Niliwafungulia wanawake mlango washuke wapate hewa, nikaenda kukutana naye.

Alikuwa kijana wa nchi hii, kanzu safi, macho mekundu kwa hasira. Alinifokea kwa Kiarabu na Kiingereza. "Kwa nini unakaa hapo? Hii njia ni ya baba yako? Nikikumulika huoni? Wewe ni kipofu?" Alikuwa amesimama karibu nami hivi, akinitazama usoni, akingoja nijibu. Na sasa nitakwambia kitu ambacho siwezi kumwambia mtu mwingine. Nilifurahi. Mtu ananitukana na mimi ninafurahi, kwa sababu ameniuliza swali na anataka kusikia jibu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kikamba.

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya malori ya kwetu na indiketa zake. Nilimwambia nilifikiri ni salamu, na kwamba hata baada ya kujua si salamu niliendelea kuzifuata. Nilimwambia juu ya chumba na ile migongo mitatu iliyogeukia ukuta. Nilimwambia juu ya Ndanu, kwamba siku hizi akipewa simu anaongea nami kama anavyoongea na mwalimu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyapangusa. Yule kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, akasema neno lao la kumaanisha mwendawazimu, akaingia kwenye gari lake akaenda.

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Aiya! Kumbe wewe ni Mkamba?"

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, barakoa ameishusha, mdomo wa juu umepasuka na damu inamwagika kidevuni. Alikuwa amejigonga kwenye chuma cha kiti.

"Ũvoo waku, mwanangu," akanisalimia, na damu yote hiyo. "Mimi ni Mama Kavata, wa Tawa. Nimekaa nyuma ya hicho kioo tangu wakati wa baridi nikifikiria wewe ni Mganda."

Tawa na Kalamba, kote ni Makueni kwetu! Miezi yote hiyo mimi ninaongea na usukani, na yeye yuko hapo nyuma anatafuta mtu wa kuongea naye, kati yetu kioo tu. Nikaanza kumwomba msamaha kwa sababu ya mdomo. Akanikatiza.

"Huu mdomo nitasema nilianguka kwa ngazi, kwa sababu nikisema ukweli watakufukuza na kukunyang'anya leseni. Lakini nimesikia vile umeambia huyo kijana. Unatafuta watu wakumulike na sisi tuko ndani? Sisi pia tuko na watoto."

"Nimekosa, Mama."

"Umekosa sana. Mimi mkataba umeisha, naenda wiki ijayo. Wewe kama ni watu unatafuta, si uende kwa watu wako?"

Akapanda basi. Nami nikapanda, nikaingia leni ya kulia, nikakaa nyuma ya lori la mchanga mpaka kambini.

Kesho yake nilienda kwa msimamizi nikamwambia sitatia sahihi. Alishangaa, akaniuliza kama kuna mahali wananipa kazi nzuri zaidi. Nikamwambia hapana, ninaenda nyumbani. Nitamaliza muda uliobaki, nitaendesha kulia, kisha ninakuja. Ulisema mimi ndio najua. Sikuwa najua, Mama Ndanu. Sasa najua. Kile chumba cha pili cha nyumba yetu kitakaa bila mabati, na watu sokoni watasema Kioko amerudi jinsi alivyoenda. Waache waseme. Kama umezoea kuishi bila mimi, sitakulaumu, na sitakuharakisha. Ninaomba kitu kimoja tu: nikifika msiniache peke yangu chumbani eti mgeni apumzike. Niongeleshe. Ukikosa la kusema, nigombeze.

Msalimie mwaitu, mwambie akandwe mguu na maji ya chumvi na aache kubeba ndoo. Msalimie kaka yako anayepima nafaka sokoni, na mjomba fundi wa viatu, ambaye najua atauliza kama nimemletea saa. Msalimie shangazi anayeimba kwaya, aendelee kuniweka kwenye maombi. Ndanu mwambie baba amemwuliza anapenda kuongea juu ya nini, na akuambie wewe, nawe unifundishe kabla sijafika.

Barua hii ameibeba Mama Kavata mwenyewe. Alikataa kuituma kwa gari kutoka Tawa, akasema atakuletea mpaka mlangoni. Mchinjie jogoo, na ukiona kovu kwenye mdomo wake usijifanye hujaliona, mwombe msamaha kwa niaba yangu, maana mimi bado sijatosheka na ule niliouomba. Halafu mkae chini muongee. Siku ile pembeni mwa barabara nilisema mambo mengi ambayo hata mimi siyakumbuki yote, lakini yeye alisimama hapo akayasikia, na ni lugha yake. Mwulize. Mengi yalikuwa juu yako.

Ni mimi mume wako,
Kioko, Baba Ndanu