Mbwa Wako Hakuwa Anakulilia

Atieno mwanangu,

Nina hasira na sijui nianzie kwa nani. Acha nianze na wewe, kwa sababu huwezi kunijibu.

Ulipomleta Mzee hapa Katito, huyo mbwa wako wa uso bapa, alikoroma kama lori linapanda mlima. Nikauliza, "Huyu ni mzima kweli?" Ukacheka. "Mama, hawa wameumbwa hivyo." Nikakuamini. Wewe ndiye umesoma.

Malaria ilipokuchukua, wazee wakasema msichana hajaolewa, hazikwi ndani ya boma. Wakakuweka nje ya ua, mahali hapana hata mti mmoja. Mzee akakufuata. Kila mchana, jua kali, analala juu ya udongo wako akikoroma, ulimi nje. Wamama wa kanisa wananishika mkono: "Mama Atieno, tazama, hata mbwa analia." Na mimi nikalia naye. Wiki mbili, Atieno! Nambembeleza, hata maji simpi, kumbe anakosa hewa mbele yangu.

Jumamosi ulimi ukawa wa bluu, akaanguka. Baba yako mdogo akasema, "Mwache, anamfuata Atieno." Ningempiga! Nikamfunga Mzee na leso yenye maji, nikambeba mpaka Kisumu.

Daktari wa mifugo akamfungua mdomo, akanionyesha. Matundu ya pua membamba kama ya sindano, na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ndefu, inaziba koo. "Mama, huyu halii. Anatafuta hewa tangu azaliwe. Watu ndio wanawazalisha hivi, wanapenda hiyo sura." Wakamlaza na dawa ya usingizi, wakapanua pua, wakakata ile nyama. Mimi kwa benchi nje, nimeshika mkanda wake wa shingoni, naomba Mungu kwa ukali: huyu humchukui.

Hakumchukua. Jua bado ni adui yake, lakini anapumua kimya. Hicho kimya kinanitisha, kila saa namwekea mkono tumboni.

Juzi bwana mmoja alileta jike lake la uso huohuo. "Mama, watoto watakuwa warembo sana." Nikamuuliza, "Na watapumua na nini, masikio?" Nikamfukuza na mwiko wa ugali.

Nimepanda mti hapo kwako. Wazee wanauliza nani ameniruhusu. Mimi naumwagilia tu. Mpaka mti utoe kivuli, tutakuja asubuhi, mimi na Mzee, na chupa ya maji. Na nakuahidi, hiyo sura inaishia kwake.

Ungekuwa hapa ningekugombeza mpaka jioni, halafu nikupikie omena.

Lala, nyathina, mwanangu.

Mamako