Wewe Utaelewa, Baba

Roret, 1996

Baba,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike nyuma ya nyumba, pale majani chai yanapoanzia. Mama anachuma peke yake. Weldon, mwanao msomi, amekuja mara moja tu, akauza ng'ombe wako mweusi, akarudi Nairobi. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu najua itakuuma.

Lile sanduku la mchezo ulilonunua yule meneja mzungu alipouza vitu vyake arudi kwao bado liko juu ya kabati. Unakumbuka Jumapili zetu baada ya kanisa? Wewe, Weldon, jirani yetu Mzee Onyango wa kiwandani, na mimi. Ramani mezani, kila mtu na nchi yake. Hakuna aliyeweza kushinda bila msaada wa mwingine. Tulitoka nje wawili wawili kuahidiana, tukarudi, kila mmoja akaandika hatua yake kwa siri, kisha karatasi zote zikasomwa pamoja. Hapo mwongo alijulikana. Mwongo ulikuwa wewe, na ulicheka mpaka chai ikakutoka puani. Mimi ulinifanya karani: nani kaahidi, nani kavunja, yote niliyaandika daftarini.

Daftari hilo nililipeleka kazini. Saa ya chakula mhasibu huniachia kompyuta, nami nilikuwa naifundisha mchezo wetu: kuahidi, kungoja, kujua ahadi ipi itimizwe na ipi ivunjwe. Kwa kuwa mshindi wa nyumbani ulikuwa wewe, niliilisha Jumapili zako zote za miaka minne. Kisha nikaiuliza: kama wewe ni Baba, utamvunjia nani ahadi?

Ikaandika kwa herufi za kijani: CHEBET.

Nikadhani nimekosea. Nikapitia mstari kwa mstari, nikauliza tena. Chebet. Mzee Onyango ulimdanganya mara moja, akakushambulia Jumapili tatu mfululizo, na hukuthubutu tena. Weldon alikuwa akinuna wiki nzima, ukamwogopa. Mimi nilisamehe kila mara, na kompyuta, ambayo haina baba wala haya, ikaona faida iko wapi.

Nililia pale ofisini, Baba, na yalikuwa machozi ya hasira. Uliniahidi mbele ya Mama kwamba Weldon akimaliza chuo, ni zamu yangu. Barua yangu ya kuitwa chuoni ilikuwa imefika. Weldon akataka kuongeza masomo, ukampa zamu yangu. "Huyu akikasirika atahama kabisa," ulisema. "Wewe utaelewa, Chebet." Nami, mjinga wako, nikaelewa. Nikafanya kozi ya kompyuta ya miezi mitatu Kericho mjini, nikakushukuru.

Halafu hospitalini ulinishika mkono. Ulijua nina mimba na sina mume. "Mtoto ni wa boma letu," ulisema. "Siku akina mama watakapomnusisha ugoro na kumwitia majina ya waliokufa, mwanzie langu. Apige chafya likitajwa, liwe jina lake, nami nirudi nyumbani ndani yake." Nikaahidi. Ulitabasamu kama mtu aliyeshinda, na siku ya pili ukaenda.

Sasa mimba ina miezi minane. Nimeshaongea na shangazi. Wataita jina la babu yako. Wataita la baba mdogo, yule mlevi uliyemwonea aibu. Wataita la ndugu yako wa Sigowet, mliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba hadi akafa hamjasalimiana. Lako halitatajwa, hata kama mtoto atakataa kupiga chafya mpaka jioni. Nilipomwambia Mama, aliuliza kama ugoro unatosha.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi nitalipalilia kaburi lako kila msimu wa mvua, na hiyo nitaitimiza. Ile ya hospitalini naivunja, kwa sababu kati ya wote niliowaahidi kitu duniani, ni wewe pekee usiyeweza kunifanya lolote.

Najua ulikuwa unangoja kuitwa. Wewe utaelewa.

Karani wako,
Chebet