Bei ya Kukaa

Bigwa, Morogoro
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kwa dada yangu Mwaisha,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Marahaba yako nitaichukua kuwa imeshapokelewa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake, na moshi hauli macho yako huko barabarani unakopikia sasa. Mimi mwili hauna neno. Presha iko pale pale daktari alipoiacha. Hapa Bigwa asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye kizingiti changu, unakaa kidogo, ukiona hakuna wa kuzungumza naye unapanda kurudi.

Utashangaa kupata barua, ilhali simu unayo na vocha ninayo. Nimempa kondakta wa basi la Dodoma akushushie mkononi. Sababu ni wewe mwenyewe: kwenye simu mtu akianza tu kujilaumu unamkatiza, "Basi, basi, yameisha," hata kabla hujajua ni yapi. Karatasi haikatizwi. Nakuomba uisome mpaka chini ndipo useme neno.

Ujumbe wako wa Jumamosi nimeusoma mpaka naujua kwa moyo. Umesema Halidi amechoka kungoja, ile fremu ya biashara uliyopanga kwake miaka tisa hapo njia panda ya Dumila ameiuza kwa muuza makava ya simu, na wewe umehamishia sufuria chini ya mwavuli. Umesema nisihuzunike, soko la hisa ni soko kama masoko mengine, halina wa kulaumiwa. Kisha ukanishukuru kwa kuhangaika miezi mitatu. Hapo ndipo uliponimaliza. Ungenitukana ningelala.

Hisa za marehemu mama, kama unavyojua, zilikaa kwenye bahasha chini ya kanga zake miaka ishirini na ushei, tangu alipozinunua akiwa mpishi wa kantini, siku wafanyakazi walipoambiwa kwamba kiwanda ni chao pia. Mimi nikiwa msimamizi wa mirathi zikaja kwa jina langu, nusu yangu nusu yako. Mwezi wa tano ukanipigia kwamba Halidi anauza fremu, amekupa wewe nafasi ya kwanza mpaka katikati ya mwezi wa nane, na nusu yako ukiijumlisha na akiba ya mchezo wenu wa kupeana pesa itatosha. Ukasema niziuze. Nilishuka mjini siku ile ile. Hilo ni kweli, na naomba ulishike, maana mbele huko sitakuwa na mengi ya kujisifia.

Ofisi ya madalali wa hisa iko ghorofani, juu ya duka la dawa za kuku. Nilipanda ngazi kwa dharau. Unajua nilikuwa dalali miaka thelathini, napokea kabichi na karoti za Mgeta, nikadhani dalali ni dalali: sauti kubwa, na mkono begani mwa mteja. Nikamkuta binti mmoja anaitwa Raya, sauti ndogo, meza safi, na benchi la wageni kando ya dirisha. Neno la kwanza aliloniuliza halikuwa ninauza ngapi, bali pesa naitaka lini na ya kazi gani. Miaka thelathini sikuwahi kumwuliza mkulima swali hilo. Nikajifanya nakohoa.

Akanieleza kwamba bei inayotangazwa ni ya biashara iliyokwisha fanyika, si ahadi kwangu. Ili hisa iuzwe lazima awepo mtu upande wa pili anayeikubali bei yangu. Nikitaka haraka nishuke, nikitaka bei nisubiri. Na soko la siku hizi halitulii, akasema, vijana wananunua kwa simu wakiwa kitandani, gawio la faida likikaribia bei inapanda, likishapita inashuka, kwa hiyo mwenye haja yenye tarehe asicheze na tarehe. Nilitaja bei yangu. Akaandika, akanionya kwamba imewazidi kidogo wanunuzi waliopo, akasema oda itakaa mwezi mmoja, isipopata mtu nirudi tujaze nyingine. Nikamwuliza kama naruhusiwa kurudi kabla ya mwezi. Akasema ofisi iko wazi kila siku ya kazi. Masikini, hakujua alichokisema.

Nilirudi kesho yake.

Dada, tangu wifi yako Asia atutoke, shamba limerudi kwa ukoo wao kama desturi yetu Waluguru inavyotaka, ardhi ya mke hairithiwi na mume. Walikuja wajomba wanne, kwa adabu zote, wakanywa chai, wakanisifu nilivyolitunza, wakalichukua. Siwalaumu; ningekuwa mimi ndiye mjomba ningefanya vile vile, na sukari ningeomba iongezwe. Lakini tangu hapo mtu akigonga mlango wangu ujue amekosea nyumba. Watoto wanapiga simu Iddi mpaka Iddi. Sokoni nako vijana wameshika kazi. Nikipita wananipa shikamoo halafu wananipisha, kama mtu anavyopisha jeneza.

Kwenye lile benchi hakuna aliyenipisha. Alikuwepo Bartholomeo, mwalimu mstaafu, Mluguru mwenzetu wa Matombo anayekaa Mafiga. Alikuja na kiinua mgongo chake akitaka kukitia chote kwenye kampuni moja, maana kundi la WhatsApp limemhakikishia kitakuwa mara mbili ifikapo Krismasi. Raya akamwuliza ni wangapi kwenye kundi anawajua kwa sura. Akajibu hakuna, ila picha zao ni nzuri. Benchi zima tulicheka. Binti hakucheka. Alimshauri agawe: sehemu kwenye hatifungani za serikali, zinazolipa polepole kama pensheni ya pili, sehemu kwenye hisa za kampuni zaidi ya moja, na sehemu aiache benki kwa ajili ya magonjwa, maana magonjwa hayasubiri mnunuzi. Mwalimu akaondoka amenuna, akisema hakuja kusomeshwa na mtoto. Siku ya tatu akarudi na mandazi ya ofisi nzima.

Siku nyingine akaingia nesi Mwanvita, na sare yake, anahema, anataka auziwe kila kitu kwa kuwa bei imeshuka siku tatu mfululizo. Raya akamwuliza kama kampuni imeacha kuuza bidhaa zake. Haijaacha. Akamwuliza kama pesa ile anaihitaji mwaka huu. Haihitaji. Akamwambia basi arudi kwa wagonjwa, hao ndio wenye haraka.

Nami nikawa sehemu ya benchi. Wageni wakaanza kuniuliza mimi kabla ya Raya soko limeamkaje, nami najibu kama mtu aliyelala nalo chumba kimoja: limeamka na mafua kidogo, litapona. Bartholomeo akanibandika jina la Gavana. Kila oda yangu ilipokosa mtu alinishambulia: eti Mikidadi, unauza hisa au unamwoza binti wa pekee? Teremsha bwana, mahari hiyo hakuna kijana wa kuitoa! Watu wanavunjika mbavu, nami nacheka nao. Saa nne kulikuwa na chai ya rangi. Na kama jana sikuonekana, kulikuwa na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi.

Sasa dada, sogeza sufuria pembeni.

Wanunuzi walikuwepo. Walikuwepo tangu wiki ya pili. Kati ya bei yao na yangu palikuwa na thamani ya pipi moja kwa kila hisa, pipi ya dukani, basi. Raya aliniambia waziwazi, tena si mara moja. Aliniandikia kwenye kikaratasi. Alinikumbusha kwamba nilimtajia tarehe, na tarehe ni ya dada yangu. Nami kila nilipokupigia nilikuambia soko limekauka, hakuna mtu. Oda ya kwanza ilipoisha nikajaza nyingine, na bei nikaipandisha, kwa sababu soko lilikuwa limepanda likanikaribia, nikaogopa zisije zikauzwa.

Unawakumbuka wale wazee wa Mgeta waliokuwa wakishuka na tenga moja tu la karoti, kisha wanataja bei ya kumkausha mtu mate? Sisi madalali tulikuwa tukiiita bei ya kukaa. Mzee hakuja kuuza. Nyumbani kwake hakuna mtu, amekuja kukaa na watu mpaka jioni, na lile tenga ndiyo ruhusa yake. Tulikuwa tunamcheka na kumwacha. Lakini karoti ina adabu: siku ya tatu inanyauka, mzee anauza kwa hasara na kupanda kwao, na hakuna aliyeumia ila yeye. Hisa hainyauki. Mtu anaweza kuikalia mpaka dada yake akahamia chini ya mwavuli.

Nilijiambia Halidi ni muungwana, ataongeza mwezi. Nilijiambia nakutafutia zaidi. Uongo. Nilichokuwa natafuta ni Jumatatu nyingine.

Jumatatu hii nilipanda ngazi nikamwambia Raya aziuze kwa bei yoyote iliyopo. Akanitazama. Bei ilikuwa imeshuka tangu gawio lipite, na yeye, kwa uaminifu wake ule ule, akanieleza taratibu kwamba kama haja yangu ya pesa imeshapita si lazima niuze leo, kampuni haina tatizo, naweza kungoja. Hata siku ya kuondoka alikuwa ananipa sababu ya kubaki. Nikamwambia haja haijapita, iliyopita ni fremu. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimeuzwa zote.

Nilimwuliza akaunti yangu inakuwaje ikiwa tupu. Akasema inabaki wazi, haidaiwi kitu, siku nikipata pesa nyingine nirudi. Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Bartholomeo akasogea ili nikae, kwa mazoea. Sikukaa. Nilisema nina haraka. Mimi, dada, nina haraka! Nikashuka ngazi.

Pesa ikishaingia nitakutumia yote, yako na yangu. Nusu yangu usiirudishe. Si zawadi, wala sijaribu kununua msamaha wako, ni fidia ya miezi mitatu niliyoikalia, na haitoshi. Kondakta anasema kuna fremu nyingine inauzwa hapo kwenu upande wa barabara ya Kilosa, ndogo, haina mlango. Nenda kaione mwenyewe; kwa sasa mimi si mtu wa kuaminiwa kwenye habari za bei.

Umefika chini, sasa sema. Ila nakuomba usinipigie kuniambia yameisha. Nitakuamini, na sistahili kuamini upesi hivyo. Kama una hasira, njoo nayo hapa Bigwa, ukae siku tatu nne, unigombeze kwa nafasi, hata majirani wajue kwamba nina ndugu. Godoro la wageni nimelianika tangu jana. Na kama huwezi kuitazama sura yangu, usije. Pesa itakufikia hata hivyo.

Nisalimie binti yako Aisha na wanawe. Mpe barua hii aisome yote, asije akahadithiwa nusu. Mpwa ana haki ya kumjua mjomba wake.

Wassalaam, na Mungu akuwekee kivuli mahali pa mwavuli.

Ni mimi mdogo wako,
Mikidadi