Kijiko Kimoja cha Pombe ya Lozi

Mpendwa Tata,

Chupa bado iko juu ya kabati. Imepungua glasi moja, ile niliyoinywa mbele yako, na kijiko kimoja ambacho nitakifikia mwishoni. Siku tisa kabla hujafa uliniomba kijiko kimoja tu cha pombe hii, nikakunyima. Ndugu zako wanasema ulikufa mikononi mwa binti mwema aliyekubadilishia mashuka na kukusugua mgongo. Ni kweli, hayo yote nilifanya. Lakini mimi na wewe tunajua nilichokufanyia mchana ule, na leo nakiandika mbele ya watu, maana wewe hukumwambia mtu na mimi nimechoka kusifiwa.

Tuanze na mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa. Kabla sijajua kusoma nilijua kazi ya sukari. Jumamosi mchana ulipotoka kiwandani uliliwasha nyuma ya nyumba yetu ya Manika, ukateleka ile sufuria ya alumini iliyobonyea ubavuni, ukamwaga sukari kavu bila hata tone la maji, ukaniita.

"We mutoto, kuya hapa. Weka pua. Unasikia nini?"

Nikasema nasikia sukari. "Bado." Nikasema nasikia karanga. "Bado." Nikasema nasikia karanga zimeanza kuungua, na hapo ukamwaga maji, mvuke ukaruka mpaka kwenye bati. Mama alipiga kelele kwamba utaniunguza uso. Wewe ulicheka tu. "Huyu haiungui. Huyu ni chombo ya kazi." Nilikuwa na miaka mitano, na nilijivuna kuwa chombo.

Ujuzi huo uliupata ukiwa kijana, ulipokuwa mpishi kwa mke wa injinia mmoja Mwitaliano. Walipoondoka walikuachia sufuria. Lozi ulinunua sokoni kwa Mama Zaina, Mwislamu wa Maniema, mwanamke mwenye heshima zake, ambaye kila mara alikupimia huku akikukazia macho.

"Njo ya gâteau, Tata?"

"Ya gâteau, mama," ulimjibu, kana kwamba kwetu tulipika keki kila wiki.

"Eh, hii nyumba yako inapendaka gâteau."

Tulizimenya lozi katika maji ya moto, tukazipondaponda kinuni, tukazilaza wiki sita ndani ya lutuku, ile pombe kali ya mahindi, ambayo wewe uliichuja mara mbili kwa makala na pamba. Mwisho tuliichanganya na ile sukari iliyoungua, ukaiita liqueur, ukaiuza. Chupa kubwa ilikaa chini ya kitanda chako. Juu yake ulichora fuvu la kichwa kama lile la kwenye matangi ya tindikali kazini kwako, ili wajomba wasiguse. Wajomba waligusa. Mmoja alisema amewahi kunywa vitu vibaya kuliko hivyo, na havikuwa na picha.

Nikiwa na miaka minane nikapata mafua. Ilikuwa masika, tukapikia ndani ya kile chumba cha jiko cha nyuma kisicho na dirisha, ambamo kila kitu ni cheusi. Uliniuliza nasikia nini. Niliogopa kukuambia kwamba sisikii kitu, nikabahatisha: bado, Tata. Ukangoja. Nikabahatisha tena: bado. Wewe ulikuwa umesimama pale pale, pua yako juu ya sufuria kama yangu, moshi unakuingia usoni, ukiningoja mimi. Sukari ikaungua. Wiki iliyofuata wakaja wanawake wawili wa mtaani na chupa walizonunua kwa ajili ya harusi, wakasema ni chungu, hainyweki. Ukamimina glasi ya chai, ikajaa, ukaniweka mbele yao.

"Kunywa kazi yako."

"Tata, ni mutoto!" mama alisema.

"Njo vile atajua."

Nilitapikia viatu vyangu vya kanisani. Wale wanawake waliangalia chini. Kwa miaka mingi nilijiuliza swali moja tu: kama ulikuwa na pua kama yangu, na huna mafua, kwa nini uliniacha nikosee? Nilipata jibu la kitoto, kwamba ulitaka kuniona nikitapika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Tata. Mimi ulinilea kwa glasi ile.

Halafu kuna ile chupa nyingine. Mwaka niliozaliwa, na sisi tulidhani binti yako ni mimi peke yangu, ulinifungia chupa moja. Ilikaa ndani ya kabati la jikoni, imefungwa kwa nta, jina langu limeandikwa kwa mkono wako. Siku ya dot, yaani ya mahari, wakwe wakishaketi na mali ikishawekwa mkekani, binti huulizwa kama anakubali. Nyumba nyingine binti hushika bia au soda. Kwetu nilitakiwa niende kabatini, nilete chupa yangu, nimimine, nikupe wewe, na wewe ukishakunywa neno limekwisha. Mtaa mzima ulijua. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu nilipojua kusoma jina langu.

Nilipofungua kabati, chupa haikuwemo.

Nikarudi mlangoni na kitenge changu kipya. "Tata, siioni."

Ukajibu kwa sauti ya utani, wakwe wote wanasikia: "Angaria muzuri, mwana. Iko nyuma ya bijungu."

Nikarudi. Nikatoa vyungu vyote, nikatoa masufuria, nikapiga magoti nikaingiza kichwa kabatini. Nilipotoka mara ya pili ukanirudishia maneno yale yale. Mara ya tatu nilitoka na masizi shavuni, na shangazi ya mume wangu akauliza, "Ao mwali hataki?" Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote, kisha ukaagiza kreti ya bia.

Ulijua, Tata. Miezi minne kabla ya hapo ulikuwa umeipeleka chupa ile mjini Likasi, ukaifungua kwenye dot ya binti yako mwingine, Solange, ambaye hukumfungia yake, wa mwanamke ambaye hatukuwahi kumsikia. Mama alipata habari wiki ile ile ya dot yangu, kutoka kwa mtu aliyeinywa kule. Ungeweza kuniita pembeni asubuhi. Ungeweza kusema imevunjika, ningeamini. Lakini watu walikuwa wameketi, na mtu mmoja alipaswa kuaibika, ukaona afadhali niwe mimi. Mume wangu alinioa pamoja na kreti ya bia, na kwao mpaka leo wakinitania wananiita Bi Kreti. Mama alikufa bila kukuuliza kitu. Mimi niliendelea kukusalimu kwa mikono miwili.

Mimi na mume wangu tulihamia upande wa Mutoshi, nikaanza kupika keki za harusi. Watu wanasema nina pua. Najua unga uliolala karibu na mafuta ya taa kabla sijafungua mfuko, najua siagi itakayoharibika kesho. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, nilisema kwa mtu mmoja mkatili.

Mapafu yako yalipokwisha nikawa nakuja Manika kila asubuhi kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria. Nilikuosha, nilikulisha uji, nilikugeuza. Na nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu, lozi zilikuwa zimelala ndani ya lutuku wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Sitadanganya kwamba nilizilaza kwa sababu nyingine. Malipo ni hapa hapa duniani, nilijiambia, na mimi ndiye niliyetumwa kuyaleta.

Mchana ule niliweka mbabula barazani, upande wa dirisha lako lakini mbali kidogo, moshi wa makala usikukohoze. Hata ukatili una adabu zake. Nikaunguza sukari taratibu, kwa sufuria yako mwenyewe. Nikangoja karanga, nikangoja karanga zinazoanza kuungua, nikamwaga maji. Nikachanganya na pombe ya lozi, nikatia vanila. Nyumba nzima ilinukia. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kuna sikukuu gani. Nikamimina glasi moja, nikaja kuketi kwenye kigoda kando ya kitanda chako, nikanywa polepole nikikutazama.

Ukalamba midomo. "Mwana, unipatie kijiko kimoya tu."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeingojea miaka kumi na moja, tangu siku ya dot. "Angaria muzuri, Tata," nikasema. "Iko nyuma ya bijungu."

Ulielewa pale pale. Niliona macho yako yakienda mlangoni, kana kwamba wakwe bado wameketi uani. Kisha ukavuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kifua kikilia kama mlango mbovu, ukafumba macho.

"Inanuka muzuri," ukasema. "Umefikia."

Nilifurahi. Niandike wazi: nilifurahi sana. Nilijua harufu ile inakutesa, inakuingia na haikufiki kooni, na nilirudi Mutoshi nikiimba nyuma ya taxi-moto. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikusudia kukupa kijiko siku moja. Si kesho yake, siku moja tu, ukishajua vizuri. Lakini siku ya tatu ukashindwa kumeza hata maji.

Kwenye kilio chako, alasiri, nilikuwa nawagawia wazee bukari, ugali wetu. Tata Mukalay, yule mliyefanya naye kazi kwenye jumba la tindikali, alinishika mkono.

"Ni weye njo Pua?"

Nikamwambia jina langu.

"Hapana. Shiye ku kazi tulikuwaka tunakuita Pua. Tata yako alisemaka kila siku: 'Miye sina tena pua, lakini iko moya ku nyumba, ya mutoto wangu.'"

Nikamuuliza anasema nini.

"Hukujuaka? Ile acide, ile tindikali, ilimukulaka pua, weye ukingali mutoto muloko. Hata pétrole, mafuta ya taa, hakusikiaka harufu yake. Alitukatazaka kusema. 'Bantu bakijua, nani atanunua liqueur yangu?' Ku kinywa alibakiaka na sukari, na chumvi, na buchungu, na moto ya pombe. Njo ile tu."

Akaendelea kula. Mimi nilibaki nimeshika sahani ya mtu mwingine mpaka akaja kuidai.

Basi nimepata jibu la swali langu la tangu nina miaka minane. Ulisimama ndani ya moshi ule na hukusikia kitu, na mimi sikusikia kitu, na kila mmoja aliogopa kumwambia mwenzake. Wawili tulidanganyana juu ya sufuria moja, na aliyekunywa glasi ni mimi. Usifikiri kwamba kujua hivyo kumeniponya. Ungeweza kuniambia. Nilikuwa pua yako miaka yote, watu wa kiwandani wote wanajua, na mwenye pua ndiye hakuambiwa. Na chupa ya dot sijakusamehe. Hiyo mtaongea wewe na Solange, kama atakuja kaburini. Kwenye kilio hakuja.

Lakini kuna jambo linaloniamsha. Harufu niliyokupikia haikufika kitandani kwako. Wiki sita zile, mbabula ile, dirisha lile: nilimtesa jirani. Na wewe ukavuta pumzi kwa mapafu yaliyochanika, ukaniambia inanuka vizuri. Sijui kama ulidanganya ili kunifurahisha, au ili usife watu wamejua huna pua. Ninavyokufahamu, ni yote mawili. Hata kisasi changu ulikipokea kwa uongo, na uongo ule ndio neno pekee la sifa uliloniambia maishani.

Jana niliteremsha chupa. Nikabana pua kwa vidole viwili, nikabana kweli mpaka ikauma, nikajimiminia kijiko kimoja, nikameza. Lozi hazikuwemo. Vanila haikuwemo. Kulikuwa na utamu, kisha moto, kisha uchungu kidogo wa sukari iliyoungua kwa nyuma, basi. Hicho ndicho ulichokuwa nacho wewe, na siku ile bado ulikuwa nacho. Nilikupa harufu ambayo usingeweza kuisikia, nikakunyima kijiko ambacho ulimi wako ungekijua.

Na ni kitamu, Tata. Hata hivyo, bila pua, ni kitamu.

Lala huko ulikolala. Mimi nina sukari jikoni.

Binti yako, wa kwanza au wa pili, wewe ndiye uliyejua,
Pua