Kurasa Kumi na Moja Ulizoacha kwa Penseli

Mabula,

Leo sitaanza na salamu. Salamu za kwetu ni ndefu, zitanipoza kabla sijasema nilichokujia, na mimi nimekukasirikia tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Ile safari tuliyoiomba imekubaliwa. Ubelgiji, wiki sita, asubuhi kuchora mitaani na mchana kumalizia kitabu chetu, tukikaa nyumba moja na wachora katuni wenzetu wa nchi nyingine. Barua ilikuja mwezi mmoja baada ya kukuzika. Jina lako lilitangulia, langu likafuata, kama kawaida. Shija akawaandikia wenyeji wetu wa huko kuwaeleza kuhusu ile homa iliyokuchukua kwa siku nne, na unavyomjua Shija kwa maneno, aliandika hadi nikalia upya. Wakajibu kwamba nafasi yangu iko palepale, ila nitume kwanza michoro kumi ya huku kwetu, niliyoichora mwenyewe nikikitazama kitu chenyewe, ndipo tiketi ikatwe.

Mwenyewe, Mabula. Miaka saba wewe penseli, mimi wino, Shija maneno. Mara ngapi nilikuomba unifundishe kuchora ng'ombe? Ulininyang'anya penseli huku unacheka: "Minza, mkono wako ni wa kumalizia." Nikaona nimesifiwa. Sasa umekwenda na kuanza kote, umeniachia kumalizia, na cha kumalizia sina. Ulikuwa mchoyo. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini ulikuwa mchoyo.

Habari za pasipoti ungezifurahia. Nilipofika kuchukuliwa alama za vidole, karani alinitazama mikono akaniambia nikanawe, vidole vimejaa wino. Nikanawa. Akaniambia nikanawe tena. Mara ya tatu nikamwambia ndugu yangu, wino huu una miaka saba, haujui maji. Shija alikuwa pembeni anacheka hadi nikatamani kumpiga kwa bahasha.

Basi Jumatatu hiyo nikaenda mnadani kuchora. Wewe hukuwahi kutuambia inavyokuwa pale, ulirudi tu na daftari limejaa. Nilikaa kwenye jiwe, nikaanza na fahali mmoja mweusi, nikainua kichwa, nikainamisha, nikainua. Kumbe kwa wenye mifugo mtu anayetazama ng'ombe na kuandika, akatazama tena na kuandika, anahesabu mali ya watu. Wakanizunguka watatu. Mzee mmoja akasema, "Binti, umetumwa na nani kuhesabu ng'ombe wangu?" Nikamwambia sihesabu, nachora, nikamwonyesha karatasi. Akaitazama muda mrefu. Akawaambia wenzake, "Mwacheni, huyu hahesabu ng'ombe. Hawa ni mbuzi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nakugombeza wewe. Watu walinipita wakadhani nina simu sikioni.

Shija alikuwa ananisubiri na daftari lako la mwisho, lile lenye kurasa kumi na moja za penseli ambazo sikuwahi kuzitia wino. Stesheni ya Malampaka, mitumbwi ya Kalemela, mafundi cherehani wa Nyalikungu, na Mayu, mama yako, anachambua pamba. Akasema, "Si tulifanya hivi siku zote? Zipake wino, tuzitume. Marehemu hana neno." Nilimtukana, Mabula. Halafu alipoondoka nikaenda kuifungua chupa ya wino.

Nilianza na ukurasa wa Mayu, pindo la kanga yake. Mstari wako ulikuwa unaniongoza kama zamani, mkono ukatulia kwa mara ya kwanza tangu uondoke, nikawa na furaha, nakiri. Wino ulipokauka nikachukua kifutio nifute penseli iliyobaki chini, kama ninavyofanya siku zote. Kabla hakijagusa karatasi nikakiweka chini.

Ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa naifanya. Miaka saba nimepita juu ya mistari yako, halafu nimeifuta. Kila ukurasa. Nilikwenda kabatini nikatoa kazi zetu zote za awali, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, nikitafuta hata alama moja ya penseli yako. Nilikuwa fundi safi mno. Hakuna. Mkono wako umebaki kwenye zile kurasa kumi na moja tu, na mimi nilikuwa na kifutio juu ya mmojawapo. Kwa nini hukunizuia hata siku moja? Ulikuwa unakaa pale unakunywa chai na kuniangalia nikikufuta, unasema safi, Minza, safi.

Kesho yake nikaenda kwa Mayu. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Nikamwambia nataka kumchora, akasema, "Chora, ng'wanone, chora tu mwanangu, mimi siendi popote." Nilimchora asubuhi nzima. Karatasi sita nilizitupa. Mikono ilinishinda, kiti kimepinda, na amekonda sana, Mabula, tangu tukuzike Machi amekonda, sikujua namna ya kuchora hilo ila kulichora lilivyo. Nikaogopa kumwonyesha. Alinyoosha mkono akaichukua mwenyewe.

Akaiweka magotini. Kisha akasema, "Mabula alinichora nikicheka hata siku ambazo sikucheka. Huyu wako ndiye mimi."

Halafu akaniuliza kama nimekula, akaingia ndani kupika.

Siku zilizofuata nilichora mingine, kisha nikatuma michoro yangu kumi, huyo Mayu na wale mbuzi wa mnadani wakiwemo. Shija alishika kichwa. Jana jibu lilikuja, wamemuulizia mama aliye kwenye kiti, ni nani, na tiketi inakatwa. Naondoka mwisho wa mwezi. Naogopa. Usiku wa kuamkia leo nimechora ng'ombe wawili, na mmoja anakaribia kuwa ng'ombe.

Daftari lako nimempa Mayu alitunze. Kila kitu kimo, isipokuwa pindo la kanga lina wino, hapo nilipokosea, unisamehe. Kitabu nitakimaliza, kuanzia penseli hadi wino, na watakaokisoma wataona mahali ulipoishia, kwa sababu mstari utaharibika ghafla. Waone. Sitaufanya ufanane na wako.

Pumzika sasa, rafiki yangu, nimemaliza kugombana. Kwa heri. Sitakufuta tena.

Minza