Mtungi Kwenye Shimo la Ndizi

Bigwa, Morogoro

Kaka yangu Mansuri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dakawa, na ndege hawajawamalizia mpunga. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula, maana eti sauti yako ya kwenye simu imekonda. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Nimempa Mikidadi wa lori la mchele akuletee. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia kunifokea, maana masomo yangu yamo mikononi mwako.

Nianze na ule mtungi wa gesi uliomletea mama. Alifurahi huyo! Kutwa nzima majirani walipita jikoni kule uani kutazama moto usio na moshi, na kila mmoja alinyweshwa chai apende asipende. Walipoondoka, hofu ya wezi ikamwingia. Unajua alichofanya? Aliutumbukiza mtungi kwenye lile shimo la kuvundikia ndizi alilolichimba marehemu baba, akauzungushia majani makavu ya mgomba, akafunika ubao. Mpira tu ndio uliochomoza kwenda kwenye jiko. Akajisifu kwamba hapo hata jua haliupati, sembuse mwizi.

Na umeme wetu unaujua: ule waya unaotokea dirisha la sebuleni, na swichi iliyopigiliwa kwenye nguzo palepale juu ya shimo, usawa wa goti, ili mama awashe taa akiwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi.

Alhamisi nilirudi kutoka chuoni giza linaanza kuingia. Nikamkuta mama analalamika kwamba kuna kitu kimeoza. Alikuwa ameshamlaumu paka wa Mama Shakila kwa kuua panya na kumtelekeza jikoni kwetu. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kwenye swichi ili ammulike huyo panya. Wallahi, kaka, nilipiga ukelele nadhani mpaka Kinole waliusikia! Nikamvuta, akadondoka yeye na nazi yake, akanitukana matusi ambayo karatasi hii haiyawezi. Nikamtoa nje, nikakimbia mbele ya nyumba kukata umeme kwenye mita, nikarudi nimebana pumzi, nikafunga koki ya mtungi bila hata kuwasha tochi ya simu. Jioni ile tulikula mkate mkavu, tukauachia upepo wa mlimani kazi ya kufagia jiko.

Nilimweleza mama kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Inatambaa chini na kujaa shimoni. Na swichi, uiwashe au uizime, hutoa cheche. Mama akalia kidogo, akasema alidhani shimo la baba haliwezi kumdhuru mtu. Na mimi nikalia.

Jumamosi fundi akaingia kazini. Mtungi umehamishiwa nje ya ukuta, penye kivuli na hewa, juu ya sakafu tambarare. Mpira uliotoboka umetupwa, mpya umepakwa povu la sabuni kwenye maungio ili kuona kama unavuja. Waya wa dirishani haupo tena. Mpya umepita ndani ya bomba, una ethi ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na swichi na soketi zimewekwa juu, upande wa pili wa jiko, zikiwa na vifuniko vya mvua. Mama alibishania swichi yake ya gotini, akashindwa. Siku hizi anainuka kuwasha taa huku akiyalalamikia magoti.

Juzi uliponiuliza fundi huyo ni nani ili umshukuru, nilijifanya mtandao unakatika. Sasa kaa chini, kaka. Fundi ni mimi. Mwalimu wangu alikuja tu kukagua kabla hatujarudisha umeme. Sisomi ushonaji, nasoma umeme wa majumbani, na mama ndiye aliyenisindikiza kubadilisha kozi. Nilikuficha kwa sababu tangu nilipoiunguza redio yako uliapa kwamba sitagusa waya maishani. Na ile kanzu ya harusi yako unayoniulizia kila wiki anaishona rafiki yangu Yuliana. Shukuru Mungu, mimi ningekushonea gunia.

Bado naogopa utanitoa chuoni. Lakini fikiria hili: Alhamisi ile ningekuwa fundi cherehani, kaka, taa ile ningemwashia mama mimi mwenyewe.

Shimo la baba limerudia kazi yake. Mikungu ya harusi yako imeshavundikwa humo, na mama anaichungulia kama mayai ya kuku. Msalimie wifi yangu mtarajiwa, na wote wanaotukumbuka huko. Ukija kunifokea, njoo unifokee jikoni. Nitakuwashia taa.

Mdogo wako akupendaye,
Mwaisha